Mtandao uliokatika kila magharibi

Alhamisi, saa tano usiku

Leo nimefundisha saa nzima na sura ya mwanafunzi wangu haikuganda hata mara moja. Somo limekwisha, Mama kalala, na mimi bado niko mezani kwa sababu nataka kuandika mambo haya kabla hayajanitoka.

Ninafundisha Kiswahili kwa njia ya video, wanafunzi wengi wako Ujerumani, na masomo huanza saa moja na nusu usiku. Nyumba yetu ni ya zamani, hapa Tanga, kuta zake nene za mawe ya matumbawe. Wi-Fi ya ruta iliyoko sebuleni ikifika chumbani kwangu huwa imekwisha nguvu, ndiyo maana miaka minne iliyopita nilivutiwa waya: unatoka sebuleni, unapita nje ukutani, unaingia kwangu kwenye kona ya dirisha. Miaka yote hiyo sikuwahi kuufikiria.

Wiki tatu zilizopita ukaanza mchezo huu. Katikati ya sentensi, sura ya mwanafunzi inaganda mdomo ukiwa wazi. Pale chini kwenye kioo kinatokea kialama cha kwamba hakuna mtandao. Sekunde kumi, ishirini, mara nyingine dakika nzima, kisha kila kitu kinarudi kama vile hakuna kilichotokea. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima anayejifunza ili aweze kuongea na wakwe zake wa Moshi, alikuwa amepata ujasiri kwa mara ya kwanza wa kusimulia habari ndefu bila kuangalia daftari lake. Ukakatika. Uliporudi akasema tuendelee tu na zoezi. Ile habari hakuimalizia, na iliniuma kweli.

Kosa nililitafuta mbali. Nadhani ni mazoea niliyoyapata ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ikawa taabu nchi nzima. Tangu siku hiyo mtandao ukisumbua mawazo yangu hukimbilia baharini. Safari hii nikapiga simu kwa kampuni inayotuletea huduma, nikapiga tena, na tena. Kijana wa mara ya tatu hakuniambia nizime ruta na kuiwasha. Aliniuliza: "Dada, ukikatika, simu yako kwenye Wi-Fi nayo inakatika?" Sikuwa na jibu. Wiki nzima nilikuwa nimelalamika bila kuangalia jambo dogo kama hilo.

Jioni ile nikafungua madirisha mawili meusi ya amri kwenye kompyuta. Katika la kwanza nikaandika ping -t 192.168.1.1, ambayo ni anwani ya ruta yetu. Katika la pili, ping -t 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, nje kabisa. Kila sekunde kompyuta inabisha hodi pande zote mbili na kuandika jibu limerudi kwa muda gani. Ruta ikiendelea kujibu huku Google kumenyamaza, tatizo liko nje ya nyumba. Zikinyamaza zote mbili, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta.

Saa moja kasoro dakika tano zikanyamaza zote mbili kwa pamoja. Nikachukua simu, nikakimbilia sebuleni kwenye Wi-Fi, ikafungua kurasa bila shida. Basi kampuni haikuwa na kosa, na bahari nayo haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa ndani ya hatua ishirini kutoka nilipokaa.

Nikaanza na yaliyo rahisi. Kuna mpangilio unaoiruhusu kompyuta kuizima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme, nikauondoa. Nikahamishia waya kwenye tundu jingine la ruta. Nikachomoa vichwa na kuvisafisha, maana hewa ya chumvi hapa kwetu hula kila kilicho cha shaba. Hakuna kilichobadilika. Jambo moja tu lilinishangaza: kasi ya waya, ambayo kwa kawaida husomeka megabiti 1,000 kwa sekunde, sasa ilikuwa inasomeka 100. Nililiandika bila kujua maana yake.

Na hapo ndipo daftari liliponisaidia. Nilikuwa nikiandika saa ya kila tukio: 12:40 jioni. 12:55. 1:50 usiku. 2:15. Asubuhi hakuna. Mchana hakuna, isipokuwa siku moja saa nane, siku ambayo pembeni nilikuwa nimeandika "mvua". Kichwani mwangu mtandao ulikuwa unakatika ovyo, wakati wowote. Kwenye karatasi ulikuwa na saa zake. Nikajiuliza ni kitu gani hufanyika nyumbani kwetu magharibi na siku ya mvua, nikiwa bado nimeshika kalamu, na nikamsikia Mama akipita chumba hadi chumba anafunga madirisha.

Dirisha langu ni la mbao, zito, na hufunga likiwa limeukanyaga ule waya. Msimu huu wa kusi, upepo ukivuma ubao unatikisika kidogo, na kila ukitikisika unauminya.

Jumatatu nikamwomba Mama aliache wazi. "Na mbu?" akauliza. Nikamwambia ni siku mbili tu, Mama, nataka kuhakikisha. Akakubali, akaniletea chandarua chake kwa sababu changu kimetoboka. Jumatatu mtandao haukukatika. Jumanne haukukatika. Jumatano nililifunga mwenyewe kwa mkono wangu, na nusu saa haikupita kabla haujakatika.

Leo mchana amekuja fundi, mzee wa taratibu sana. Amechomoa waya pande zote mbili, akachomeka testa yake yenye taa nane, taa moja kwa kila uzi wa ndani. Taa namba nne haikuwaka. Kisha akaenda dirishani, akaushika waya pale kwenye mkunjo na kuutingisha kidogo, na taa ya sita ikawa inawaka na kuzima.

"Unaona, Mwalimu," akasema. "Wa buluu umeshakatika. Huu wa kijani unagusa na kuachia."

Ndipo akanieleza ile 100. Kasi ya 1,000 inahitaji nyuzi zote nane. Ya 100 inatosheka na nne, na uzi wa kijani ni mmoja wa hizo nne. Buluu alipokatika waya ulishuka kasi, kijani alipoachia ukanyamaza kabisa. Amenionyesha pia gamba la nje jinsi lilivyopasuka kwa jua. Ule ni waya wa ndani, hautakiwi kukaa nje. Wa nje ni ule mweusi. Jumamosi atakuja kutoboa ukuta na kupitisha bomba. Kwa sasa ametandika waya mpya ukumbini, juu ya mlango, na kasi imerudi 1,000.

Magharibi Mama amesimama mlangoni kwangu, mkono kwenye pindo la khanga, akiangalia kile kioo chenye namba zinazopanda.

"Nifunge?"

"Funga, Mama."

Amelisukuma dirisha, akapiga komeo. Tumesimama wote wawili tunaangalia. Jibu, milisekunde moja. Jibu, milisekunde moja. Nje kusi inavuma, ubao unagonga kidogo. Jibu, milisekunde moja.