Siku Niliyoinunua Palomine

Mwaka 2007 nilikuwa nasoma Wageningen, Uholanzi, kwenye chuo cha kilimo ambacho Watanzania wengi wamepitia. Tarehe 30 Aprili ilikuwa Siku ya Malkia, siku ambayo Waholanzi walikuwa wakitandika vitu vyao vya zamani barabarani na kuviuza bila kibali. Mimi na mwenzangu wa Iringa tukapanda basi kwenda Arnhem kutafuta masufuria.

Masufuria tuliyapata. Ila kwenye blanketi la mama mmoja mtu mzima niliona CD: Palomine, albamu ya bendi ya Bettie Serveert, ya mwaka 1992. Yule mama alipoona nimeishika akaanza kunisimulia. Bendi hiyo chimbuko lake ni Arnhem, jina wamelitoa kwa Betty Stöve, mcheza tenisi Mholanzi aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 1977. Mwimbaji, Carol van Dyk, kazaliwa Kanada, akaletwa Uholanzi akiwa mtoto. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa euro mfukoni.

"Kaka, hao unawajua?" mwenzangu akauliza.

"Siwajui. Nataka kuwajua."

Usiku ule tuliiweka kwenye redio ya jikoni, ugali ukiwa motoni. Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi, ambako kila gitaa lina kazi yake na solo hujibizana na ridhimu bila kukanyagana. Magitaa ya Peter Visser, mpiga gitaa wao, hayakuwa hivyo hata kidogo. Yalikwaruza, yakavuma, yakaachiwa yalie mpaka yakawa kelele tupu. Na katikati ya kelele hiyo Carol anaimba kwa utulivu, kama mtu anayeongea na jirani dirishani huku mvua kubwa inanyesha. Hapandishi sauti kushindana nayo. Kwangu mimi uzuri wa albamu hii uko hapo, na ni uzuri ambao bendi nyingi zenye kelele hazina.

Wimbo wa pili, wenye jina la albamu, niliurudia mpaka ugali ukapoa. Mwenzangu hakulalamika. Tulipofika wa tano, Tom Boy, yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza sauti.

"Huyu dada anaimba kama mgeni aliyeshazoea," akasema.

Tuliisikiliza hadi wimbo wa mwisho, ambao ni Palomine tena, safari hii mfupi. Kabla ya muhula kwisha nilikuwa nimeitafuta na Lamprey, albamu yao ya mwaka 1995, na hiyo tuliichangia sote wawili.