Nilipoipa Fainali Mgongo

Juzi jioni vijana wa barabara yetu walikuwa wakichoma makatoni kando ya mfereji, ngoma tatu zimeinamishwa juu ya moto. Harufu iliingia ndani kabla ya mlio: moshi wa katoni, na chini yake ngozi ya mbuzi inayoanza kutoa unyevu. Kesho yake Mazembe, timu ya mpira ya hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, ilikuwa inacheza. Mtoto wa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliyekuja kutusalimia, akaniuliza: "Baba mudogo, weye ulianza kuwa wa Mazembe lini? Babu ni wa Lupopo."

Siku yenyewe naijua: tarehe 7 Novemba 2009, mechi ya marudiano ya fainali ya Afrika dhidi ya Heartland ya Nigeria, kwenye uwanja wa Kenya, mtaa wa mji wetu, si ile nchi. Kilichonishinda kumweleza mtoto ni kwamba nilikuwepo uwanjani mwanzo hadi mwisho, na goli sikuliona.

Kwetu Katuba, mtoto wa mtu wa reli alihesabiwa wa Lupopo kabla hajajua kutembea. Papa, yaani baba yangu, alifanya kazi kwenye reli, na Lupopo ndiyo timu ya watu wa reli. Fulana yake ya bluu na njano ilifuliwa peke yake, kwenye beseni yake, mama asije akaichanganya na kitu cheupe. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, katika mji huuhuu. Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenedikto waliokuwa na shule ya Saint-Boniface, ikaitwa Saint-Georges, ikabadili majina hadi kufika hili la sasa. Lupopo ilibaki na mtakatifu wake, Éloi. Mtu akikuuliza katika mji huu wewe ni wa nani, mara nyingi anauliza baba yako alifanya kazi wapi.

Ila nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mzee tuliyemwita papa wa ngoma. Huyo alikuwa wa Mazembe, mweusi na mweupe hadi kwenye rangi ya mlango. Wiki nzima ya fainali alikuwa akiwamba ngoma uani, na sisi watoto tulikaa juu ya ukuta kumtazama, kwa sababu kazi ile ina mengi ya kutazamwa. Ngozi huloweshwa usiku kucha, hadi ilegee na kukunjika bila kubisha. Kisha hupakwa majivu, nywele zinaachia, na zilizobaki hukwanguliwa kwa kipande cha kioo kilicholazwa. Ukikisimamisha kioo, kinachana. Ngozi ya mbuzi ni ya ngoma ndogo zinazoita. Ile kubwa, inayobeba mdundo, inataka ngozi ya ng'ombe, na ya tumboni haifai kwa kuwa inanyooka upande mmoja na kugoma upande mwingine.

Halafu vigingi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu asiyejua hupigilia cha kwanza, akaendelea na jirani yake, akazunguka ngoma nzima. Akimaliza, ngozi yote imevutwa upande alikoanzia, na ngoma ina shavu moja lililolegea ambalo halitasema kitu hadi ivunjwe upya. Papa wa ngoma alipigilia kimoja, akavuka akapigilia cha mkabala wake, kisha akagawa robo, kisha nusu ya robo, upana wa kidole chini ya ukingo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Yeye aliivuta kwa wote sawasawa, kisha akaiacha ikauke kivulini siku mbili tatu. Jua la moja kwa moja hukausha uso kabla ya ndani, na ngozi hupasuka kwenye matundu ya vigingi. Mwisho alibandika katikati mduara wa ulimbo mweusi, mpana kama kiganja, wa kuishusha sauti.

Asubuhi ya fainali, kijana wake wa kushika ngoma kubwa aliamka na malaria. Papa wa ngoma akaja mlangoni kwetu, akamsalimu papa, wakaulizana habari za kazi na za watoto, ndipo akasema shida yake. Papa alinitazama muda mrefu. "Kubeba ngoma ni kazi," alisema. "Aende. Ni kazi."

Tulienda kwa miguu. Kutoka Katuba hadi Kenya si mbali, lakini ngoma ya ng'ombe ni mti mzima uliotobolewa ndani, na tuliibeba watu wawili tukipokezana. Mji wote ulikuwa na hesabu moja mdomoni. Kule Owerri Mazembe ilifungwa 2 kwa 1. Basi 1 kwa 0 hapa ilitosha: jumla ingekuwa 2 kwa 2, na goli la ugenini lingetubeba. Heartland wakipata hata moja, hesabu inabadilika yote. Wazee waliokumbuka 1967 na 1968, makombe mawili mfululizo, walitembea wakiwaeleza vijana. Miaka 41 ni mingi. Watu walikuwa wamezaliwa, wameoa na kuzeeka bila kuliona kombe lile.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza, na ngozi ilikuwa imekunywa unyevu wa usiku. Nje ya uwanja, papa wa ngoma aligonga mara moja akakunja uso: sauti ilikuwa ya gunia. Ndani moto hauruhusiwi, kwa hiyo kazi ilibidi imalizikie pale nje, kwa kiasi cha kudumu saa zote za kungoja na mechi yenyewe.

Akaniita. "Kuya hapa, mutoto wa reli. Shika huyu mama."

Ngoma huchomewa kwa katoni au majani makavu, si kwa makaa. Makaa hukaa mahali pamoja na kuchoma mahali pamoja. Katoni hutoa mwali mpana unaopita upesi. Tuliiinamisha, ngozi ikae kama shubiri mbili juu ya mwali, na kazi yangu ilikuwa kuizungusha polepole, joto lipite ukingoni na kuukwepa mduara wa ulimbo, maana ukiyeyuka hutiririka na ngoma inapoteza tumbo. Kila baada ya mzunguko aliiondoa motoni, akaisugua kwa kiganja, akagonga ukingoni kwa vidole viwili, akairudisha. Mimi nilikuwa nikitazama miali isije ikagusa ngozi. Akanigusa bega.

"Usiangarie moto. Sikiya ngozi."

Nikasikia. Mzunguko mmoja ilikuwa bado gunia. Uliofuata, kwenye ukingo wa upande wangu, kitu kikafunguka: sauti nyembamba, safi, ikafuatwa na ya pili kutoka upande wa mkabala, na alipogonga katikati, mlio ukapita ndani ya mti, ukatoka chini, ukanipiga magotini. Nilikuwa nimeusikia mlio ule miaka yote kutoka juu ya ukuta. Kuusikia ukizaliwa mikononi mwangu, nikijua umefika kwa sababu nilizungusha vizuri, ilikuwa habari nyingine kabisa. Papa wa ngoma alitikisa kichwa mara moja, akaifunika ngozi kwa blanketi ili joto lisikimbie. "Njo vile."

Kando yetu kijana wa kundi lingine, aliyekuwa na haraka, alimwagia katoni zake mafuta ya taa. Mwali uliruka hadi kwenye ngozi. Ngoma yake iliita vizuri ajabu, juu kuliko zote, kwa muda mfupi. Ndivyo ngozi iliyokaushwa kupita kiasi inavyodanganya. Walipoanza kuipiga kwa fimbo, ikachanika kutoka tundu la kigingi hadi katikati. Papa wa ngoma hakusema neno la kumlaumu. Alimpa moja ya ngoma zetu ndogo, kisha akawapanga upya wapigaji wake.

Tuliingia na kundi, sisi wabeba ngoma mbele, na nafasi yetu ilikuwa juu ya ngazi za saruji. Hapa lazima nieleze jinsi ngoma ya kusimama inavyoshikwa. Iko wazi chini. Ukiisimamisha wima juu ya saruji, umeiziba mdomo na sauti inafia ndani. Lazima iinamishwe ili ipumue. Na ikiinamishwa juu ya saruji laini, kila pigo huisukuma iteleze. Kwa hiyo mpigaji hukaa ngazi ya juu akitazama uwanja, na mtu mwingine huchuchumaa ngazi ya chini yake, mguu wa ngoma katikati ya magoti, mikono miwili imeukumbatia mti. Huyo wa chini anamtazama mpigaji. Uwanja uko nyuma yake.

Nilikuwa huyo wa chini. Timu zilipoingia, nilizijua kwa uso wa papa wa ngoma. Jina la Mputu, mshambuliaji wetu, lilipita juu ya kichwa changu, la kipa Kidiaba likapita, kila moja na mdundo wake, na mimi nilikuwa naona kidevu, jasho, fimbo mbili, na nyuma yake mlima wa watu wanaotazama kitu nisichokiona. Kipindi cha kwanza kikapita hivyo. Mikono iliniuma hadi ikaacha kuuma. Nilijifunza kusoma: watu wakiinuka nusu, mpira uko karibu na goli lao, fimbo zikipungua nguvu, uko karibu na letu, mdundo ukirudi kwenye mwendo wa kutembea, umetoka nje.

Kipindi cha pili, macho ya papa wa ngoma yalihama kutoka kushoto kwenda kulia. Fimbo zikabaki hewani. Kwa mara ya kwanza tangu mchana ule, mti uliokuwa kifuani mwangu ulinyamaza, na ndani ya kimya kile niliusikia moyo wangu ukiudunda kutoka upande wa pili. Watu wote waliokuwa mbele yangu walifungua midomo. Sauti ikaja baadaye, au mimi nilichelewa kuisikia. Kisha fimbo zote mbili zikashuka kwa pamoja, ngoma ikaruka, nami nikaishika. Ngazi ilikuwa ikitetemeka, watu wanaanguka juu yetu, mtu kanikanyaga kisigino, na nilichojua ni kwamba nikiachia ngoma itateremka hadi chini na mdundo utakatika. Sikugeuka. Sikuwa na haja ya kugeuka.

Ilibaki 1 kwa 0. Kombe likabaki Lubumbashi.

Tangu hapo nimeona mengi kwa macho yangu. Mwaka uliofuata, Espérance ya Tunis ilipigwa 5 kwa 0 mjini kwetu. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Internacional ya Brazili ikaondolewa kwa 2 kwa 0, Kidiaba akirukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima, na tukacheza fainali ya dunia na Inter ya Italia. Tulifungwa 3, lakini hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika pale kabla yetu. Mwaka 2011 ukafunguliwa uwanja wetu wa Kamalondo. Mwaka 2015 Samatta akafunga, nasi tukawa mabingwa tena mbele ya USM Alger. Yote hayo nimeyafurahia. Hakuna hata moja lililonifunga kama alasiri ile niliyoona kidevu cha mtu na fimbo mbili.

Swali la mtoto naligeuza hivi na hivi. Lupopo nao wana ngoma. Kama malaria ingemshika kijana wa ngoma ya Lupopo, siku ya mechi yao kubwa, na papa akasema "aende, ni kazi", leo ningekuwa na bluu na njano? Pengine ndiyo. Wakati mwingine naona kwamba watoto wanaonunuliwa fulana wanakuwa watazamaji, na wanaopewa kitu cha kushika wanakuwa watu wa timu. Lakini papa hakuwahi kupewa kitu cha kushika na Lupopo, na hadi leo haachi.

Jioni ya fainali nilimkuta papa uani, redio iko karibu yake, bado ina joto.

"Goli bilikuwa namna gani?" akaniuliza.

"Sikuona, papa. Nilikuwa nashika ngoma."

"Ulikuwa ku kiwanja na haukuona goli?"

Aliinuka akaleta vizibo vya chupa za bia, vya Simba vikawa Mazembe, vya Tembo vikawa Heartland, akavipanga mezani kwa uangalifu, kila kimoja mahali pake, kama alivyosikia redioni. "Hapa. Bana ya Nigeria balijifunga bo benyewe." Akasukuma kizibo cha Tembo hadi ndani ya goli la viberiti. Papa wa ngoma, aliyekuwa ameleta salamu za shukrani, alisimama nyuma yake akatazama, akasema hapana, mpira ulitokea upande huu, akahamisha kizibo. Papa akakirudisha. Wakabishana hadi mama akawasha taa, mtu wa reli akilitetea goli la Mazembe dhidi ya mtu wa Mazembe aliyeliona, na mimi katikati yao nikiliona kwa mara ya kwanza.

Alipokuwa akiondoka, papa wa ngoma alisimama mlangoni. Ile ngoma ya kundi lingine iliyochanika ilikuwa imeletwa kwake, alisema, na ngozi mpya ilitakiwa kuloweshwa usiku uleule.

"Kesho asubuhi akuye, tuikwangue."

"Atakuya," papa akamjibu, huku akivikusanya vizibo.