Kopo la biskuti

Dawa za nyumbani kwetu zilikaa kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati la vyombo, karibu na jiko. Lilikuwa zito, na uzito ule ulinitoa wasiwasi. Nililifungua kwa shida ya kweli masika ya mwaka 2014, Tanga.

Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi miwili. Alianza kuharisha jioni. Kufika saa nne usiku nepi zote zimelowa, na mvua imefunga njia. Nikamwaga kopo kitandani. Vidonge sita vya mseto, dawa ya malaria, dozi ambayo mtu hakuimaliza. Dawa ya macho iliyofutika maandishi. Chupa ya kikohozi iliyoganda mdomoni. Flagyl nne. ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, haikuwamo hata pakiti moja.

Mama akasema nimkatie nusu ya Flagyl, na maji nisimpe, yatamzidishia. Kisu nilishakishika. Mume wangu akatoka mbio kumgongea jirani, nesi mstaafu.

Aliingia khanga imelowa. Akamfinya mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama kidogo, ndipo ikalala taratibu. Mtoto alilia bila chozi.

"Mmempa nini?"

"Shikamoo mama. Bado hatujampa kitu."

"Marahaba. Maji yamemwisha mwilini huyu. Akishindwa kunywa, tunatoka naye hata kwa miguu."

Alikuja na pakiti mbili za ORS. Chupa ya lita hatukuwa nayo, tukapima ya nusu lita mara mbili, maji yaliyochemshwa yakapoa. Kijiko kimoja kimoja. Akitapika tunasubiri dakika 10, tunaanza tena polepole zaidi. Katikati namnyonyesha. Kuna kijiko kimoja alikiuma kwa meno yake manne, akakataa kukiachia. Nikalia pale pale.

Karibu na adhana ya alfajiri Mama alipiga kelele: "Amekojoa! Amenikojolea!" Khanga yake imelowa, naye anacheka. Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya, akaandikiwa zinki, kidonge kimoja kwa siku, siku 10.

Jumamosi nesi alikaa nasi mkekani. Zilizopita tarehe, zisizo na jina na mabaki ya dozi nilizifunga nikazipeleka kituoni zikateketezwe. Duka la dawa nikanunua ORS tano, parasetamoli ya maji yenye kipimo chake, kipimajoto, shashi, bandeji, plasta, glovu na mkasi. Nilipouliza kuhusu antibayotiki nesi alikataa kabisa: hizo mtoto ataandikiwa na daktari siku akizihitaji. Kopo likahamia chumbani, mbali na joto la jiko, ndani ya kabati lenye ufunguo.

Cha mwisho alikileta Mama: chupa ya lita moja, ameiosha na kuianika juani, amebandika plasta juu yake na kuandika kwa kalamu, herufi kubwa: MAJI YA MTOTO.