Jinsi nilivyorekebisha tarehe katika orodha ya mafaili ya Emacs kwenye Windows

Katika Dired, sehemu ya Emacs (programu ya kuhariri maandishi) inayoorodhesha mafaili, faili lililobadilishwa karibuni lilionyeshwa kwa mwezi, siku na saa bila mwaka, ilhali lililozidi takriban miezi 6 lilionyesha mwaka na kukosa saa. Nilihitaji mfumo mmoja kwa mafaili yote, kwa sababu kulinganisha nakala za Desemba na za Januari katika orodha ya namna hiyo kunachosha mno.

Nilianza kwa kuongeza `--time-style=long-iso`, chaguo la kubadilisha muundo wa tarehe, kwenye `dired-listing-switches`, mpangilio wenye machaguo ya orodha ya Dired, lakini tarehe hazikubadilika, kwani kwenye Windows Emacs haiiti programu ya kuorodhesha mafaili ya `ls` bali hutumia maktaba yake yenyewe, `ls-lisp`. Kisha nikaweka `ls-lisp-format-time-list`, mpangilio wa maktaba hiyo unaotaja muundo wa tarehe, nayo pia ikapuuzwa.

Kilichofaa ni kuandika mistari hii miwili pamoja katika faili la mipangilio:

`(setq ls-lisp-use-localized-time-format t)`
`(setq ls-lisp-format-time-list '("%Y-%m-%d %H:%M" "%Y-%m-%d %H:%M"))`

Mstari wa kwanza ndio uliokuwa ukikosekana: bila huo, Emacs ikishatambua lugha na eneo la kompyuta, haiutazami kabisa wa pili. Zingatia pia kwamba muundo umeandikwa mara mbili, wa kwanza kwa mafaili mapya na wa pili kwa ya zamani. Ukifanana, safu hubaki zimenyooka. Baada ya kuanzisha Emacs upya, kila faili lilionyesha mwaka na saa yake.