Matanga kumi na mawili: kumbukumbu za mradi wangu Bagamoyo

10 Februari

Nimewamba kitambaa kwenye fremu ya kwanza. Nataka picha kumi na mbili za matanga ya ngalawa na madau ya pwani yetu, kila moja sentimita 60 kwa 60. Mraba huo umenikaa mkononi tangu nikijifunza uchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, na sisi tuliokuja nyuma tumeurithi mraba pamoja na rangi za kopo. Twiga na tembo bado ndio wanaolipa kodi ya chumba, kwa hiyo nimepanga hivi: alfajiri hadi saa nne niko ufukweni na daftari, mchana nachora twiga wa kuuza, jioni matanga.

Kitambaa ni marekani. Nimekichagua kwa makusudi. Karne ya 19 nguo hii ya pamba ilikuja Zanzibar kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndipo ikapata jina lake, na misafara iliyoondoka hapa Bagamoyo kwenda bara iliibeba kama fedha. Kuchora tanga juu ya marekani naona ni haki yake. Nimepaka rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, mikono miwili, yaani mara mbili, nikapiga msasa.

18 Februari

Picha mbili za kwanza nimezifuta. Nilifungua kopo la nyeupe nikapaka tanga zima, likatoka kama shuka lililoanikwa. Asubuhi nikaenda kwa mzee anayeshona matanga mchangani, nikakaa karibu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samaki bado."

"Nimekuja kulitazama tanga. Nashindwa kuupata weupe wake."

Akainua upindo, akauweka juu ya kanzu ya mtu aliyekuwa amesimama pale. "Weupe uko wapi hapa?"

Kweli haukuwepo. Kando ya kanzu, tanga lilikuwa na rangi ya uji wa ulezi, na kwenye mikunjo lilikuwa na urujuani. Chumvi, moshi, kutu ya misumari, ukungu wa kukunjwa likiwa bichi, vyote vimo. Tangu siku hiyo kopo la nyeupe nalifungua mwisho. Naanza na kijivu, natia buluu kiasi cha ncha ya kijiti, halafu kahawia. Nyeupe tupu naiweka mahali pamoja tu, pale jua linapogonga foromali, mti unaobeba tanga.

2 Machi

Viraka! Nimekaa siku nne juu ya viraka peke yake. Tanga moja nililolihesabu lina viraka kumi na saba: magunia ya unga, turubai la buluu, kipande cha bango la matangazo chenye nusu ya uso wa mtu anayetabasamu. Kila kiraka kina mshono wake, na ukizoea unamjua aliyeshona. Mzee wangu anapiga mishono mifupi, inayolala upande mmoja. Kijana wake ana haraka, uzi wake unaruka. Nimechora mishono yote kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo, na nadhani picha ya tatu ndiyo ya kwanza ninayoweza kuionyesha kwa mtu.

21 Machi

Hewa imejaa maji, kaskazi inakufa. Rangi ya mafuta hukauka kwa kushika hewa, juu hufunga ngozi mapema na chini hubaki laini. Nalijua hilo, lakini mvua ilipoanza kuvuja nilizibebanisha picha ya nne na ya tano ukutani. Zimegandana. Ya nne nimeibandua na robo ya bahari imebaki kwenye mgongo wa mwenzake. Imeniuma sana. Ilikuwa wiki nzima ya kazi.

6 Aprili

Mama amepiga simu kuuliza nafanya nini siku hizi. Nikamwambia nachora matanga. Akanyamaza, kisha akauliza, "Nani amefariki?"

Nikamweleza ni matanga ya vyombo. Akasema basi yeye anayajua yote mawili kwa pamoja: mjomba alipofariki, turubai la kukodi halikupatikana, wavuvi wenzake wakaleta tanga la ngalawa yake wakalifunga uani kati ya mwembe na ukuta. Wanawake wakakaa matanga chini ya tanga lake siku tatu. Nilikuwa mdogo, nilikumbuka kivuli tu, sikujua kilikuwa cha nini.

9 Aprili

Nimesogeza mpango. Picha ya sita haina bahari. Tanga limejaza nusu ya juu, chini yake kuna mikeka na migongo ya wanawake. Nimelitazama tanga la mzee kwa chini, jua likiwa juu yake: vile viraka vya magunia ambavyo kwa nje ni hafifu, kwa ndani vinawaka manjano. Mama anasema manjano hayo yaliangukia mabega ya watu, wakawa wanahama nayo jua likisogea.

Manjano nzito inaziba, kwa hiyo nimeilainisha kwa mafuta ya taa na kuipaka kama maji, mkono mmoja. Hali hii ya hewa itachukua siku tatu kukauka. Nimeiweka peke yake, mbali na ukuta.