Tulivyomngojea Bibi Maji Mafu

Bibi alikuwa amevuka miaka 80 na hajawahi kukanyaga kisiwa alichokitazama tangu utoto wake. Wajomba walipoamua kumpeleka, kazi ya kupanga safari nilipewa mimi. Siku walishaichagua: Jumamosi, kwa sababu watu wote wangekuwa mapumzikoni.

Nahodha hakuniuliza tuko wangapi. Aliuliza kama yupo asiyeweza kutembea mwendo mrefu. Nilipomtaja bibi, akatikisa kichwa.

"Jumamosi hiyo mwezi mpevu, mwanangu. Ni bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Saa nne asubuhi maji yamekupwa mpaka nje ya mwamba. Boti itakomea huko, na bibi yako atatembea juu ya matumbawe. Utakubali?"

Nisingekubali kamwe. Akanieleza kwa utulivu kwamba maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo wiki moja baadaye, saa ile ile ya kupwa huwa imeshakuwa saa ya kujaa. Tena mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana, wala hayatoki sana. Boti ingefika mchangani asubuhi, na mchana isingekwama.

Kuwashawishi wajomba kulinichukua jioni nzima. Mmoja alisema bahari ni ile ile. Sikulegea, na hata leo naamini anayepanga safari ya kisiwani aanze na mwezi, chakula na nyimbo vitafuata.

Mengine yalikuwa mepesi. Nilihakikisha majaketi ya kuokolea yanawatosha watoto. Kisiwa hakina kisima, tukabeba maji ya kunywa ya kutosha. Kurudi kukapangwa saa nane, kabla upepo wa baharini haujakaza, maana nchi kavu ikishapata moto mawimbi nayo huinuka.

Siku ilipofika, boti iliingia hadi mchangani. Wajomba wawili waliteremka kumbeba bibi. "Niacheni," akasema, akashuka mwenyewe, maji yakimfika chini ya magoti. Nililia, sikujali nani ananiona.

Saa nane nahodha akaita. Watoto walinung'unika, bibi alikuwa wa kwanza kuelekea botini. Alipokwisha kukaa, akamgeukia nahodha.

"Maji mafu mengine lini?"

"Wiki mbili hivi, mama."

"Basi tuwekee nafasi."