Kisima changu, wiki ya 6: waya, betri na ufa wa mita 31

Leo alfajiri, kabla ya kuwasha pampu, maji yalikuwa mita 23.4 kutoka mdomo wa bomba. Jumamosi iliyopita yalikuwa 23.1. Yanashuka, na hapa Dodoma mvua ya maana tuisubiri hadi Desemba.

Kifaa changu cha kupimia kina cha maji sasa kimetulia. Ni waya wa spika niliouwekea alama kila mita, nati nzito mwishoni, na huku juu betri ya volti 9 na kengele niliyoing'oa kwenye mdoli wa mwanangu (bado hajanisamehe). Ncha mbili zikigusa maji, inalia. Mwanzoni ililia kwenye mita 11, nikafurahi bure: yalikuwa matone kwenye ukuta wa bomba. Nikazivisha ncha kipande cha ganda la kalamu, uongo ukaisha. Maji yetu yana chumvi, umeme unapita vizuri. Chai ndiyo inayoteseka.

Shimo la kwanza, hatua kumi na tano tu kutoka hili, tulichimba mita 90 tukapata vumbi jeupe. Granaiti, mwamba mgumu wa huku, isipokuwa na ufa haina pa kuweka maji. Yanakaa kwenye tabaka lililooza juu yake na kwenye nyufa, na ufa ukiukosa kwa hatua chache umeukosa. Shimo la pili unga wa mwamba ulianza kutoka wa kahawia, vipande vina kutu ubavuni, nami sikuelewa kwa nini fundi anatabasamu. Kumbe kutu ni alama kwamba maji yamepita hapo.

Jumapili niliiacha pampu ivute kwa saa mbili. Hadi mita 30 maji yalishuka taratibu. Yalipopita 31 yakaporomoka, dakika chache tu yako 38. Nikaenda kuchukua daftari la uchimbaji: "31, ufa." Yaani ufa wa juu ulikuwa umebaki mtupu, tunakamua uliobaki chini. Tangu hapo pampu inafanya kazi dakika 40 asubuhi na 40 jioni.

Makutupora, kaskazini mwa mji, vipimo kama hivi vinawekwa tangu miaka ya 1950, kwenye granaiti vilevile. Huko maji hayapandi kila msimu. Hushuka miaka kadhaa, kisha mvua kubwa kama za El Niño ya 1997/98 zikayajaza. Kwa hiyo Aprili nikiona maji yamebaki palepale, sitavunja kifaa.

Wiki ijayo natafuta waya zaidi. Huu unaishia mita 40.